Koili ya volti 12 kwa mashine ya kutotoleshea mayai: nyuzi za waya zisokotwe au zipangwe sambamba?

Fundi wa Arua (aliyeuliza)

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi wa redio na sola hapa Arua. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiunda mashine ya kutotoleshea mayai ya kuku itakayotumia betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, kwa sababu mashine za balbu zinategemea umeme wa gridi, na umeme ukikatika usiku kwa saa nne au tano mayai yanapoa na jasho la wiki mbili linapotea. Sanduku ni la plaiwudi lenye bitana ya povu, lina feni ndogo ndani, na linachukua trei tatu, yaani mayai 90. Nililijaribu kwanza kwa balbu, nikaona kwamba wati 50 hivi zinatosha kulishikilia kwenye nyuzijoto 37.5.

Waya nilio nao ni roli iliyoandikwa Ni80, yaani nikromu ya asilimia 80 ya nikeli, na namba 26, ambayo ni namba ya unene. Nilipewa na rafiki aliyefanya kazi nchi za Ghuba, ambako watu huuzungusha kuwa koili za sigara za kielektroniki. Niseme mapema kwamba mimi sitengenezi sigara hizo, ambazo hapa Uganda zimekatazwa kuuzwa na kuingizwa nchini kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015; ninachotaka ni joto la vifaranga tu. Hata hivyo maelezo yote niliyoyapata kuhusu waya huu yanatoka kwa watu wa mvuke, na wao husifu sana kusokota nyuzi mbili pamoja au kuzilaza mbili sambamba badala ya kutumia uzi mmoja.

Nilipiga hesabu ya uzi mmoja: volti 12 na wati 48 zinahitaji ukinzani wa omu 3, na kwa waya huu hiyo ni kama sentimita 35. Nikaambiwa kwamba uzi uliosokotwa ni imara zaidi na unatoa joto jingi zaidi, kwa hiyo nikasokota nyuzi mbili, nikakata sentimita 35 za msokoto huo, nikazungusha koili na kuifunga. Multimeta ilisoma omu 1.9. Nilipowasha, koili iliiva ikawa nyekundu kwa sekunde chache, harufu ya plaiwudi ikaanza kutoka, na mguso wa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kidhibiti joto ukaungua na kugandana, ikawa hata nikizima kidhibiti koili inaendelea kuwaka mpaka nilipochomoa waya wa betri kwa mkono. Ninaomba kuelezwa nilikosea wapi, na kama kusokota kunafaa kwa kazi hii au ni afadhali kupanga nyuzi sambamba.

Mwalimu Mstaafu (Mbale)

Ndugu fundi, pole kwa mkasa huo, na hongera kwa kuchomoa betri upesi. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na kosa lako ndilo ambalo wanafunzi wangu walilirudia kila mwaka: umebadilisha idadi ya nyuzi lakini umeacha urefu ulivyokuwa.

Nyuzi mbili zilizofungwa pamoja mwanzoni na mwishoni, ziwe zimesokotwa au zimelazwa sambamba, kwa umeme ni kitu kimoja. Kila uzi unapata volti zilezile 12 na unafanya kazi kana kwamba mwenzake hayupo. Ukinzani wa uzi mmoja ukiwa omu 3, mbili zinakuwa omu 1.5, tatu zinakuwa omu 1. Wewe ulisoma 1.9 kwa sababu mbili. Kwanza, waya unaosokotwa hupungua urefu, yaani ndani ya sentimita 35 za msokoto kila uzi una labda sentimita 37. Pili, nyaya za multimeta zenyewe zina ukinzani wake. Gusanisha ncha zake mbili kabla ya kupima, zikisoma 0.3, toa hiyo 0.3 kwenye kila kipimo kidogo unachochukua. Kwa hiyo koili yako ilikuwa omu 1.6, na betri iliyojaa ya volti 12.6 iliisukumia karibu ampea 8, ambazo ni wati 100 hivi, maradufu ya ulichokusudia.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo nalipenda, kwa maana ndilo linalojibu swali lako halisi. Tuseme unataka omu 3 zilezile, lakini kwa nyuzi mbili. Itabidi kila uzi uwe na omu 6, yaani urefu maradufu, sentimita 69. Umetumia nyuzi mara mbili, na kila moja ni ndefu mara mbili. Waya wote umekuwa mara nne, na uso unaotoa joto nao umekuwa mara nne. Nyuzi tatu zinaufanya uso kuwa mara tisa, na nne mara kumi na sita. Waya wa namba 26 una kipenyo cha milimita 0.4, na nikromu ya asilimia 80 ya nikeli ina omu 8.7 hivi kwa mita. Kwa wati 48, uzi mmoja wa sentimita 35 unabeba wati 11 kwa kila sentimita ya mraba ya uso wake, na lazima uive. Nyuzi mbili zinabeba wati 2.8. Nyuzi tatu, kila moja ikiwa na mita 1.04, zinabeba wati 1.2 tu. Joto linaloingia sandukuni ni lilelile katika hali zote tatu, lakini hali ya waya ni tofauti kama kaa la moto lilivyo tofauti na sufuria ya uji.

Hapa utaona pia kwa nini koili yako ilikuwa nyekundu ingawa ilikuwa na nyuzi mbili: kila uzi ulikuwa na urefu uleule wa hesabu ya uzi mmoja, kwa hiyo kila mmoja ulibeba mzigo uleule wa wati 10 na zaidi kwa sentimita ya mraba. Kuongeza nyuzi bila kuongeza urefu hakumpunguzii yeyote mzigo. Kunaongeza wabebaji na mizigo kwa pamoja.

Jambo jingine dogo: usichukue ukinzani wa balbu ikiwa baridi ukaulinganisha na wa koili. Uzi wa balbu ni wa tungsteni, na ukinzani wake ukiwa baridi ni takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa wakati inawaka, au pungufu. Nikromu haina tabia hiyo; inabadilika kwa asilimia chache tu hata ikiiva, ndiyo maana imekuwa waya wa majiko na pasi tangu Mmarekani Albert Marsh alipoipatia hataza mwaka 1906.

Kijana wa Katwe (Kampala)

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwako kaka wa Arua. Mimi nilikaa Dubai nikifanya kazi katika duka la vifaa vya mvuke, na kwa siku moja ningeweza kuzungusha koili ishirini, kwa hiyo naomba nieleze kwa nini watu wale husokota, ili uone kwamba sababu yao si yako.

Koili ya mvuke ni ndogo mno. Tunaizungusha kwenye msumari wa milimita 3, mizunguko sita au saba, kisha tunapitisha pamba katikati, na pamba hiyo inanyonya majimaji. Majimaji ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzijoto 188, na gliserini, inayochemka kwenye 290. Waya ukiwa umelowa hauwezi kupanda mbali sana juu ya hapo, kwa sababu joto lote linachukuliwa na majimaji yanayogeuka kuwa mvuke. Tena mtu anabonyeza kwa sekunde tatu au nne, kisha anaachia. Ndiyo maana koili ile inavumilia wati nyingi kwa uso mdogo, na pamba ikikauka, mvutaji anapata ladha ya pamba iliyoungua mara moja. Yako ni kavu, na inawaka dakika nyingi mfululizo. Kanuni zao za ukinzani unaweza kuzitumia bila wasiwasi kwa kuwa ni fizikia ileile anayoieleza Mwalimu, lakini viwango vyao vya wati usivichukue kabisa.

Faida ya msokoto kwao ni ile mifereji midogo inayojiviringisha kati ya uzi na uzi. Majimaji yanajikusanya mle, na waya unagusa kioevu kingi zaidi. Kwako wewe hakuna kioevu, na mifereji hiyo ni hasara, kwa sababu pande za ndani ambako nyuzi zinagusana hazioni hewa. Feni inapuliza nje ya msokoto tu. Uso ambao Mwalimu amekuhesabia kwa nyuzi tatu unaupata kamili endapo tu kila uzi umesimama peke yake na hewa inapita pande zote. Kwa hiyo jibu langu ni sambamba, na zisigusane, ziachane milimita 5 au zaidi.

Sambamba lina sharti lake, na wengi walioanza kazi dukani walishindwa hapo. Nyuzi zote lazima ziwe na urefu mmoja kati ya skrubu na skrubu. Uzi uliopungua kwa asilimia kumi unachukua umeme mwingi kuliko wenzake kwa asilimia kumi na zaidi, unakuwa moto kuliko wao, na ndio utakaokatika kwanza. Sisi tulikuwa tunawasha koili kidogo kidogo gizani na kuangalia wekundu unaanzia wapi. Ukianzia katikati na kuenea pande zote sawasawa, koili ni nzima, lakini doa likiiva peke yake ujue hapo pana mkunjo, mkwaruzo wa koleo, au mizunguko iliyobanana. Nawe ufanye hivyo nje ya sanduku, juu ya tofali, kwa sekunde mbili mbili.

Mahali pekee ambapo ningesokota katika mashine yako ni kwenye miguu ya koili. Acha kila uzi uzidi kwa sentimita 12 kila upande, ukunje ziada hiyo irudi nyuma juu ya uzi wenyewe, kisha usokote mkunjo huo wote uwe mguu mmoja mnene. Umeme unaopita mguuni ni uleule, lakini njia imekuwa pana maradufu, kwa hiyo joto linalozaliwa pale linapungua kwa nusu na linatawanyika kwenye uso mkubwa zaidi. Mguu unabaki wa vuguvugu, na skrubu yako haiungui. Mafundi wa majiko hapa Katwe wanafanya hivyo siku zote kwa koili za majiko ya umeme, na ukifungua jiko kuukuu utaona miguu iliyosokotwa nyuma ya sahani ya kauri.

Usilehemu miguu hiyo kwa risasi. Risasi ya kawaida ya redio inaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na zaidi ya hapo haishiki vizuri kwenye nikromu. Tumia skrubu na washa za shaba ya njano au chuma cha pua ndani ya kiunganishi cha kauri, ukaze, uwashe kwa nusu saa, uzime, kisha ukaze tena kwa sababu waya hulegea baada ya joto la kwanza.

Kuhusu kusokota kwenyewe, usitumie koleo. Bana ncha za upande mmoja kwenye jiliwa, ncha za upande wa pili kwenye mdomo wa drili ya mkono, vuta mpaka waya unyooke kama uzi wa gitaa, kisha zungusha polepole. Ukilegeza mvutano, uzi mmoja unakaa wima na mwingine unaupanda kama mtambazi, na hapo urefu wao haulingani tena.

Mama Vifaranga (Kasese)

Wanangu, nimesoma yote kwa makini, na nashukuru kwamba mazungumzo yamekwenda kwenye waya usioiva, kwa maana mimi jambo hili nimelijua kutoka upande wa kuku na nikaona hasara ya waya unaoiva.

Mashine yangu ya kwanza ilitengenezwa na fundi aliyeweka koili ya jiko, iliyokuwa ikiwaka nyekundu nyuma ya feni. Siku 20 zote zilikwenda vizuri. Siku ya 21 vifaranga walianza kutoka, wakakauka, na manyoya yao laini yakaanza kuruka sandukuni kama pamba ya msufi. Feni iliyavuta yote, yakapita kwenye koili na kuungua moja moja. Nilipofungua asubuhi moshi ulinikuta mlangoni, na vifaranga walikuwa wamejibana kwenye kona moja wakipumua kwa midomo wazi. Nilipoteza 11 kati ya 40. Tangu siku hiyo sikubali koili inayoonekana gizani.

Kaka wa Arua, naomba uzingatie pia sahani ya maji. Mayai yanahitaji unyevu wa asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha tunaacha kugeuza mayai na tunapandisha unyevu hadi 65 au 70. Siku hizo tatu za mwisho kuta zinatoa jasho na matone yanadondoka kutoka kwenye kifuniko. Koili yako iwe mahali ambapo tone haliifikii, na viunganishi viwe juu kuliko sahani.

Na feni ikifa? Hilo ndilo swali ambalo sijaona mtu analiuliza hapa. Koili inayopozwa na feni inakuwa kitu kingine kabisa feni ikisimama.

Mwalimu Mstaafu (Mbale)

Mama, umesema neno kubwa, nami nalikubali kuwa lilinipita. Feni ikisimama, hata nyuzi zangu tatu zenye wati 1.2 kwa sentimita ya mraba zitapanda mno, pengine kufikia nyuzijoto 200, na kidhibiti joto kilicho chini karibu na mayai kitachelewa kujua, kwa kuwa hewa moto itakuwa imetulia juu. Ndugu fundi aweke fyuzi ya joto, ile inayokatika moja kwa moja, karibu na koili na si karibu na mayai, na afunge fyuzi ya kawaida ya ampea 7.5 sentimita chache kutoka kwenye nguzo chanya ya betri. Fyuzi ya pili inakulinda nyaya zikigusana, lakini usiitegemee kwa mkasa kama ule wa rilei kugandana: ampea 8 zimezidi 7.5 kidogo tu, na huenda zisiikate.

Kumbuka pia kwamba betri ya sola si volti 12 siku zote. Mchana jua likiwa kali chaja inaipandisha hadi 14.4, na kwa kuwa wati hufuata mraba wa volti, koili ya wati 48 inakuwa ya wati 69. Kidhibiti kitaizima mapema zaidi, kwa hiyo mayai hayataumia, lakini rilei na waya wa kuunganishia lazima vihesabiwe kwa kiwango hicho cha juu.

Nina ombi moja kabla hujakata waya. Roli zilizobadilisha mikono mara nyingi hubeba maandishi yasiyo yake. Leta sumaku ndogo ya spika. Waya wa Kanthal, ambao ni chuma, kromu na aluminiamu, unavutwa na sumaku; nikromu ya 80 haivutwi. Kisha pima mita moja kamili. Kwa kipenyo cha milimita 0.4, nikromu itasoma omu 8.7, Kanthal A1 itasoma 11.5, na chuma cha pua, ambacho aina zake nyingi nazo hazivutwi na sumaku, kitasoma 6 hivi. Ukiukuta ni Kanthal bado unafaa, tena unavumilia joto kubwa kuliko nikromu, lakini ukishaiva mara moja unakuwa mkavu na kuvunjika ukiukunja, kwa hiyo miguu uisokote kabla ya kuuwasha kwa mara ya kwanza.

Fundi wa Arua (aliyeuliza)

Nawashukuru sana, Mwalimu, Mama na kaka wa Katwe. Nimechukua siku tisa kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka kuleta vipimo na si maneno.

Sumaku haikuuvuta waya, na mita moja ilisoma omu 9.0 pamoja na 0.3 ya nyaya za multimeta, kwa hiyo ni nikromu kweli. Nilikata nyuzi tatu za mita 1.28 kila moja, nikaacha sentimita 12 kila upande kwa ajili ya mguu, nikakunja na kusokota miguu kwa drili kama nilivyoelekezwa. Jaribio la kwanza la mguu liliharibika kwa sababu nililegeza mkono, na uzi mmoja ukaupanda mwingine vilevile kaka alivyosema. La pili lilikaa vizuri. Nyuzi zenyewe nimezivuta zikienda na kurudi kati ya vishikizo vya kauri nilivyovitoa kwenye majiko mawili mabovu, zikiachana milimita 8, ndani ya mkebe wa bati ulio wazi pande mbili, na feni inapuliza kupitia humo. Mkebe umefungwa kwenye ukuta kwa vipande vya ulanga ili bati lisiguse plaiwudi.

Multimeta ilisoma 3.3, yaani omu 3 ukitoa za nyaya zake. Kwa betri ya volti 12.5 ilipita ampea 4.1. Nilizima taa zote nikakaa mbele ya mkebe kwa dakika kumi, na sikuona wekundu popote. Nilishika kipande cha karatasi ya daftari kikagusa uzi wa katikati huku feni ikizunguka, hakikubadilika rangi. Feni ilipozimwa kwa makusudi, fyuzi ya joto ya nyuzijoto 130 niliyoifunga kwenye mdomo wa mkebe ilikatika kabla ya karatasi kuonyesha alama, na nimenunua nyingine tatu za akiba.

Kwa Mama nina swali moja. Mkebe wangu uko juu ya trei ya tatu, upande wa kushoto, na sahani ya maji iko chini kulia. Trei ya juu inasoma 37.8 na ya chini 37.3. Je, tofauti hiyo naweza kuivumilia, au nihamishe feni kabla sijaweka mayai Jumamosi?

Mama Vifaranga (Kasese)

Usihamishe feni, mwanangu. Badilishana trei kila unapogeuza mayai, ya juu ishuke na ya chini ipande, mpaka siku ya 18. Lakini usiweke mayai Jumamosi kabla mashine haijakaa tupu saa 24 ikiwa na maji kwenye sahani, usiku mmoja ukiwamo, na uamke saa kumi alfajiri kusoma kipimajoto, maana saa hiyo ndiyo baridi inapokuwa kali na betri inapokuwa imechoka.

Fundi wa Arua (aliyeuliza)

Nimekusikia, Mama. Nimeiwasha jana jioni. Saa kumi alfajiri trei ya juu ilisoma 37.7, ya chini 37.2, na betri 12.2. Naiacha usiku mwingine mmoja.